Ufunguo Ule Ule

Bwana Lekishon alisema mara moja, akarudia chai yake:
"Badilisha vitasa. Wanachama wasijue."

Wanachama elfu kumi na moja na ushei,
akiba ya miaka tisa ya wachuuzi wa Nairobi,
na kitasa cha kwanza nilikitia mimi,
nikiwa na miaka ishirini na tatu na kiburi cha kutosha,
kitasa ambacho leo mtoto wa shule
angekifungua kwa njiti ya kiberiti.

Njia fupi ilikuwepo:
kuwatoa wote nje usiku mmoja,
kisha kuwapanga mlangoni,
chagua neno jipya, tia herufi kubwa, tia tarakimu, rudia.
Nikamwona Awino, saa kumi alfajiri, Gikomba,
magamba ya samaki vidoleni,
lori limefika, dereva anadai chake,
na simu inamwambia: hatukujui.

Nikaiacha njia fupi.

Ufundi wenyewe ni mdogo, karibu niuonee haya.
Mtu anakuja na ufunguo wake wa zamani,
kitasa cha zamani kinamkubali,
na kabla kisigino hakijavuka kizingiti
nimeshachonga kitasa kipya kwa ufunguo ule ule,
cha kale nimekitupa.
Hageuki. Ageuke kwa nini?

Kila neno la siri nalitia chumvi yake.
Kwetu Mwala mtia chumvi ni mwongo;
huku, asiyetia chumvi ndiye rafiki wa mwizi.
Na chumvi ya huyu si ya yule,
hata kama wote wawili, kama ninavyoshuku,
wamejifungia kwa jina la kifungua mimba
na mwaka aliozaliwa.

Jumatatu, elfu mbili.
Jumanne stima ikapotea Ngara nzima,
kinyozi wa chini akawasha jenereta,
nami ghorofa ya nne, gizani, nikihesabu kwenye simu
watu wanaoingia kwao bila kubisha:
elfu nne mia sita na tisa,
na kumi,
na kumi na moja.

Alhamisi simu ya ofisi ikalia. Tumbo likanishuka.
Mzee Gathirimu, wa Kariobangi.
"Kuna kitu mmebadilisha."
"Kitu gani, mzee?"
"Zamani nikibonyeza inafunguka. Sasa inavuta pumzi kwanza."

Robo ya sekunde.
Nimeiweka makusudi, imchoshe mwizi
anayejaribu funguo milioni.
Watu elfu saba wameipita bila kuiona,
lakini mzee huyu ametengeneza saa barabara ya Luthuli
kwa miaka thelathini na mbili.

Nikamwambia ni mtandao.
Akaguna.
"Haya. Kitasa kizuri hukawia."
Akakata, na sijui hadi leo
ni nani kati yetu aliyemficha mwenziwe.

Wiki ya sita Bwana Lekishon akachungulia mlangoni:
"Ile kazi ya vitasa, utaanza lini?"
Sijawahi kusifiwa vile.

Wakabaki mia nne na kumi na sita
wasioingia.
Waliohama. Waliopoteza simu. Waliokula chumvi nyingi
na macho hayasomi tena kioo.
Na Mbithe, katibu wetu wa kwanza,
aliyeandika majina ya wanachama hamsini wa mwanzo kwa kalamu nyekundu,
tuliyemzika Agosti ya mwaka juzi,
salio shilingi elfu tatu mia moja na arobaini.

Hao siwezi kuwangojea mlangoni.
Wala sina haki ya kuwavunjia.
Nikakichukua kitasa cha kila mmoja jinsi kilivyo,
kimefungwa,
nikakifungia ndani ya kipya.
Silijui neno la Mbithe. Sikutaka kulijua.

Ila akija,
na neno lake lile lile,
mlango utamtambua.
Utakawia kidogo tu.